Ubao na Fimbo: Siku Kumi na Mbili za Theluji Hokkaido

26 Januari, Sapporo

Safari hii nimekuja kulipa deni, na kujua ni wakati gani hasa theluji ya huku inakuwa nzuri. Mara ya kwanza nilifika Hokkaido, kisiwa cha kaskazini mwa Japani, wiki ya kwanza ya Desemba, nikiamini kwamba majira ya baridi ni majira ya baridi tu, ukifika umefika. Nilikuta mvua ya manyunyu, tope la kijivu kando ya barabara, na theluji ya usiku iliyokwisha kuyeyuka kabla sijaipata kamera mkobani. Siku sita nzima. Shemeji yangu, anayesoma Sapporo mwaka wa tatu sasa, hakunicheka usoni. Alisubiri nipande ndege, wiki mbili zikapita, ndipo akanitumia picha ya mtaa wake ukiwa mweupe mpaka madirishani, na neno moja: "Uliondoka?"

Leo amenipokea yeye mwenyewe. Kutoka uwanja wa ndege wa New Chitose treni inachukua kama dakika arobaini, na njia yote sikuona ardhi. Mji huu una watu karibu milioni 2 na uko kwenye latitudo inayokaribiana na ile ya Marseille, mji wa jua na bahari kule Ufaransa. Hata hivyo Sapporo huangukiwa na theluji karibu mita 5 kwa mwaka. Sababu yake nitaieleza nikifika Kutchan, mji mdogo wa milimani, maana kule jambo lenyewe linaonekana kwa macho.

Mbele ya nyumba anayokaa, shemeji ameweka vitu viwili. Cha kwanza ni ubao wa mraba uliopakwa rangi nyeupe, umelazwa juu ya theluji. Cha pili ni fimbo ndefu yenye alama za sentimita, aliyoichomeka ardhini tangu Novemba, udongo ukiwa bado laini.

"Ubao unasema iliyoanguka," akanieleza. "Fimbo inasema iliyobaki. Kila asubuhi saa moja navisoma vyote viwili, halafu naufagia ubao na kuulaza tena juu. Wewe shemeji ulikuja wakati ubao una kazi na fimbo haina kitu."

Fimbo jioni hii: 58. Nimeandika kwenye daftari langu kabla hata ya kuvua koti.

27 Januari, Sapporo

Ubao 4, fimbo 60.

Asubuhi tulitembea, au tuseme walitembea wengine, mimi nilikuwa naserereka. Theluji iliyokanyagwa na maelfu ya viatu hugeuka kioo, hasa kwenye vivuko vya barabara ambako magari huing'arisha zaidi. Wenyeji huenda kwa hatua fupi, unyayo mzima ukitua kwa pamoja, kama pengwini. Kwenye kona kuna masanduku yenye mifuko ya changarawe, mpita njia yeyote anaruhusiwa kuchukua na kunyunyiza. Taa za kuongozea magari huku zimesimamishwa wima badala ya kulazwa, ili theluji isipate pa kukaa. Mapaa mengi ni bapa, yamejengwa kuishika theluji juu isimwangukie jirani. Ukiyaona mambo hayo unatambua kwamba mji huu haushangazwi na theluji, umekwisha kufanya nayo mkataba.

Shemeji alinifundisha neno la hapa, neyuki, yaani theluji yenye mizizi. Ni ile inayoanguka ikatulia, ikafunikwa na nyingine, na haitoki tena mpaka majira yageuke. Sapporo huanza kuota mizizi hiyo mwanzoni mwa Desemba, na kuing'oa ni mwanzoni mwa Aprili. Kabla ya mizizi, theluji huja na kuondoka kama mgeni asiye na mzigo. Desemba ile mimi nilikutana na huyo mgeni.

Mchana tulikwenda chuo kikuu cha Hokkaido kuona jiwe jeupe lenye pembe sita. Limewekwa mahali ambapo Ukichiro Nakaya, mwanafizikia wa chuo hiki, alifanikiwa mwaka 1936 kuotesha chembe ya theluji kwa mikono ya binadamu. Aliiotesha ndani ya chumba cha baridi, ikining'inia kwenye unywele wa sungura, baada ya kuhangaika na nyuzi za aina nyingine ambazo zilishika sakitu tupu. Kisha akabadilisha joto na unyevu, kidogo kidogo, akaona umbo linabadilika nalo. Karibu na nyuzi 5 chini ya sifuri zinatoka sindano na vijiti. Karibu na nyuzi 15 chini ya sifuri, unyevu ukiwa mwingi, zinatoka nyota zenye matawi, zile ambazo watoto huzichora.

Nimekaa na jambo hilo siku nzima. Kumbe suala la wakati gani mzuri wa theluji linaanzia huko juu mawinguni, kabla ya kufika kwenye kalenda. Nyota zenye matawi hazilali kwa kubanana, huacha hewa nyingi katikati, ndiyo maana theluji yake ni nyepesi. Katikati ya Januari mawingu ya huku huwa kwenye baridi hiyo hiyo inayozaa nyota. Mwanzoni na mwishoni mwa majira mara nyingi hayafiki.

Shemeji amenipa glavu nyeusi ya sufu. "Isikuondoke," akasema. "Ikianguka bila upepo, nyoosha mkono."

28 Januari, kuelekea Kutchan

Ubao 11. Treni ya kwanza mpaka Otaru inapita kando kabisa ya bahari, maji meusi na mawimbi yakitoa moshi. Kutoka Otaru unabadilisha, unapanda ya mabehewa machache inayopenya milimani. Ilichelewa saa moja na nusu kwa sababu ya theluji na hakuna aliyeguna. Nimefika giza limeshaingia, ingawa saa ilikuwa kumi na moja tu ya jioni.

29 Januari, Kutchan

Mzee mwenye nyumba ya wageni ana beleshi la kusukumia, pana kama mlango wa kabati. Saa kumi na mbili asubuhi alikuwa tayari ameshafanya kazi ya saa nzima. Usiku mmoja zilianguka sentimita 38, na njia aliyoichimba jana jioni haikuonekana ilipokuwa. Nilimwamkia kwa Kijapani nilichofundishwa, akacheka, akanipa beleshi la pili.

Tulifanya kazi bila lugha. Ninachoweza kusema ni kwamba theluji ya huku huinui, unaipeperusha. Nilitegemea mgongo uniume, ukauma kweli, lakini kwa sababu ya wingi wa safari na si uzito wa beleshi.

Baadaye, kwa msaada wa programu ya kutafsiri kwenye simu, alinichorea ramani nyuma ya bahasha. Kushoto Siberia, katikati Bahari ya Japani, kulia kisiwa chao. Nchi kavu ya Siberia inapokosa jua hupoa haraka, hewa yake inakuwa nzito na baridi kali, kisha inamiminika kuelekea kusini-mashariki. Njiani inakuta bahari ambayo bado inatunza joto la kiangazi, na ambayo mkondo wa maji moto kutoka kusini unaingia humo. Hewa kavu inakunywa mvuke kutoka kwenye maji hayo, mawingu yanajipanga kwa mistari, na ukuta wa kwanza inaokutana nao ni milima hii. Hewa inalazimika kupanda, inapoa zaidi, inatua mzigo wake hapa. Ikivuka kwenda upande wa mashariki wa kisiwa, imeshamwaga karibu kila kitu, kule ni jua na baridi kavu.

Nikamuuliza swali lililonileta: mbona isiwe Desemba, siku zikiwa fupi kabisa? Akaweka birika la maji lililokuwa juu ya jiko kwenye meza, akazima jiko, akanyoosha kidole kwenye saa ya ukutani. Nilielewa kabla programu haijamaliza. Jua linakuwa chini kabisa tarehe 21 au 22 Desemba, lakini nchi na bahari havipoi siku hiyo. Vinaendelea kupoteza joto wiki baada ya wiki, kama birika lililoondolewa motoni. Desemba bahari ina mvuke wa kutosha, ila hewa iliyo karibu na ardhi siku nyingine inakuwa na joto kidogo, na kinachoanza safari kikiwa theluji kinafika kikiwa mvua. Mwishoni mwa Januari baridi imefika kilele, na bahari bado haijaishiwa. Machi bahari imepoa, upepo wa Siberia umelegea, na jua limepanda.

Akaongeza jambo ambalo programu iliniletea hivi: "Februari nzuri pia. Machi nzuri kwa mtu mvivu." Sijui kama ndivyo alivyosema.

Mlima Yotei, wenye mita 1,898, uko mbele ya dirisha langu. Sijauona.

30 Januari, Niseko

Nimezaliwa mahali ambapo maji huganda ndani ya friji tu, kwa hiyo habari ya mimi na ski, zile mbao ndefu za kutelezea kwenye theluji, iwe fupi. Nilikodi, nilifundishwa, nilianguka.

La kuandika ni kwamba theluji bora si rafiki wa anayeanza. Watu huvuka bahari kuifuata hii, ambayo wenyeji wa Niseko huihesabu kuwa inafika kama mita 15 kwa majira mazima mlimani. Wanaojua wanapita wakiwa wamezama mpaka kiunoni, na nyuma yao linabaki wingu. Mimi nikitoka tu kwenye njia iliyoshindiliwa nazama, na kusimama tena ni kazi ya robo saa, maana ukiegemeza mkono unazama bega zima. Hakuna chini. Mwalimu alinionyesha kuziweka ski kwa kukingama chini yangu na kujiinulia juu yake. Nilifaulu mara ya nne. Anayejifunza angefaidi zaidi Machi, theluji ikiwa imeshikana, jua lipo, na kuanguka ni kuanguka tu, si kupotea.

Juu, kwenye mlima wa Niseko-Annupuri, kuna milango inayotoka kwenda nje ya njia zinazosimamiwa. Hufunguliwa kulingana na hali ya upepo na hatari ya maporomoko, na leo ilikuwa imefungwa yote. Kupita chini ya kamba ni marufuku, na ukikamatwa unanyang'anywa tiketi. Nimeona kundi la vijana likizunguka mbele ya mlango mmoja kama paka mbele ya bucha iliyofungwa. Hiyo nayo ni sehemu ya jibu. Siku theluji inapoanguka zaidi ndiyo siku ambayo huruhusiwi kuigusa. Wingi wa ubao unataka siku moja au mbili za kutulia kabla mlima haujafunguka.

Shemeji ameandika: ubao 6, jana 14. Fimbo 74.

31 Januari, Kutchan

Dhoruba. Lifti za mlimani hazifanyi kazi, mabasi hayapiti, na kati ya nyumba na barabara, umbali wa hatua thelathini, kumefungwa kamba ya kushika. Nguzo za kando ya barabara zina mishale myekundu na myeupe inayoelekea chini, ili dereva ajue ukingo uko wapi wakati barabara yenyewe haionekani. Leo hata mishale haikuonekana.

Kwa kuwa sikuwa na pa kwenda, nilifanya jaribio. Niliazima jikoni chombo cha kupimia cha lita moja. Nikakijaza theluji mpya iliyorundikana kizingitini, bila kuishindilia, nikaiacha iyeyuke karibu na jiko. Maji yaliyopatikana: mililita 60. Vijiko vinne vya chakula! Kilichobaki kilikuwa hewa niliyoibeba ndani kwa uangalifu mkubwa.

Kisha mzee, aliyekuwa akinitazama kwa huruma, akanipeleka nyuma ya ghala ambako lundo limekatwa wima kwa beleshi, ukuta wa juu kuliko mimi. Lina mistari kama keki. Juu ni laini, mkono unaingia wote. Katikati kuna ukoko mwembamba, mgumu kama ganda la yai, uliowekwa na siku moja ya joto ambayo mzee aliikumbuka. Chini kabisa ni theluji ya Desemba, imebanwa na yote iliyofuata, unaigonga inajibu kama ubao. Nikachota lita ya hiyo kwa kisu. Mililita 380.

Sasa naelewa kwa nini hesabu za shemeji hazijumliki. Theluji ikilala haibaki ilivyoanguka. Matawi ya nyota yanavunjika, chembe zinakuwa za mviringo, zinagusana, zinashikana, zinazama kwa uzito wao wenyewe, bila tone kuyeyuka. Mtu anayetaka theluji ya kina kirefu na mtu anayetaka theluji laini hawatafuti kitu kimoja, ingawa wote wawili watakwambia wanatafuta "theluji nzuri".

Jioni upepo ulikatika kwa muda mfupi. Nikatoka na glavu nyeusi, nikanyoosha mkono chini ya taa ya mlangoni. Zilizotua za kwanza zilikuwa vipande, matawi yaliyovunjwa na dhoruba. Nilisubiri mpaka vidole vikafa ganzi. Vipande tu.

1 Februari, Kutchan hadi Asahikawa

Yotei umejitokeza saa mbili asubuhi. Mzee alinigongea mlango ili nisikose. Ni koni iliyokamilika, nyeupe kotekote, imejaza dirisha lote kana kwamba ilikuwa hapo siku zote, na kwa kweli ilikuwa hapo siku zote. Dakika ishirini. Kisha pazia.

Mzee alikataa katakata kulipwa kwa siku ya dhoruba niliyoongeza. Nimemwachia skafu yangu.

Ubao 0 Sapporo, jana 12. Nimepita hapo kubadilisha treni tu, shemeji amenisubiri kituoni na soksi kavu, Mungu ambariki.

2 Februari, Asahikawa

Nyuzi 21 chini ya sifuri alfajiri. Wenyeji hawakuona ajabu. Tarehe 25 Januari 1902 mji huu ulifika nyuzi 41 chini ya sifuri, na mpaka leo hakuna kituo rasmi cha Japani kilichopima baridi kubwa kuliko hiyo. Ipo bondeni, imezungukwa na milima, mbali na bahari. Usiku ukiwa hauna mawingu joto lote linapanda juu, na hewa baridi inakaa chini kama maji kwenye beseni.

Nyayo zinalia hapa. Theluji ya baridi kali haitelezi chini ya kiatu, chembe zake zinasagana na kutoa mlio, kama wanga mkavu ukiufinya ndani ya mfuko. Kwenye nyuzi 5 chini ya sifuri za Sapporo mlio huo haukuwepo. Nywele za puani ziliganda kwa pumzi ya kwanza, na kope zikaanza kushikana kila nilipofumba macho.

Saa moja na nusu, jua likichungulia, hewa ikaanza kumetameta. Hapakuwa na wingu hata moja. Nilidhani macho yangu yana hitilafu. Vilikuwa vijiwe vidogo vya barafu, vinajiunda hewani palepale kutokana na unyevu mdogo uliopo, vinashuka polepole huku vikipokea mwanga kwa zamu, dhahabu, buluu, kisha hamna. Huitwa vumbi la almasi. Kwenye glavu havikuacha chochote. Mama mmoja aliyekuwa akimtembeza mbwa alisimama kando yangu, akatazama nilikotazama, akainamisha kichwa, akaendelea na safari yake. Mimi nilibaki mpaka mwisho, labda dakika kumi na tano.

Hii haikuwa kwenye hesabu ya ubao wala fimbo. Ubao wa Asahikawa leo ungesoma sifuri. Niliyekuja kutafuta theluji nyingi, asubuhi nzuri kuliko zote nimeipata siku ambayo theluji haikuanguka.

Mchana nilikwenda bustani ya wanyama ya Asahiyama. Pengwini hutolewa nje na kutembezwa kwenye theluji, kwa sababu majira ya baridi huwafanya wazembee na kunenepa. Walipita mbele yetu kwa hatua fupi, unyayo mzima ukitua kwa pamoja. Nimejifunza kwa wataalamu sasa.

3 Februari, kuelekea Abashiri

Treni iitwayo Okhotsk, karibu saa nne kutoka Asahikawa. Misitu, misitu, kituo chenye mtu mmoja, misitu. Kadiri tunavyokwenda mashariki theluji inapungua kina, na anga inakuwa buluu. Mzee wa Kutchan aliichora sawasawa.

Nyumba ya wageni ya Abashiri wamenipa mfuko wa karanga zenye maganda, za kurusha. Leo ni siku ya kufukuza mashetani na kukaribisha bahati. Sehemu nyingine za Japani hurusha maharage ya soya, Hokkaido hurusha karanga, na faida yake ni kwamba unaweza kuziokota na kuzila. Kwa kalenda ya zamani leo ndiyo mwisho wa kipindi kiitwacho daikan, baridi kuu, kinachoanza karibu na 20 Januari. Yaani waliopanga kalenda hiyo, bila ubao wala fimbo, walishaziwekea jina hizi wiki mbili.

Na kesho, kwa kalenda hiyo hiyo, ni siku ya kwanza ya majira ya kuchipua. Nimefungua dirisha kuhakikisha. Nyuzi 11 chini ya sifuri.

4 Februari, Abashiri

Ubao 2, fimbo 73. Imeshuka, theluji ya Sapporo inajilaza.

Nimekuja huku kwa ajili ya barafu ya baharini, ryuhyo. Huanza kuonekana kutoka pwani hii kwenye siku za mwisho za Januari, na Februari ndiyo yake. Inatoka kaskazini ya Bahari ya Okhotsk. Mto Amur humwaga humo maji yake yasiyo na chumvi, nayo yanakaa juu ya maji ya chumvi bila kuchanganyika vizuri. Tabaka hilo la juu ni jembamba, kwa hiyo linapoa upesi na kuganda, badala ya kuzama na kupokezana na maji ya chini. Halafu upepo na mkondo vinaisukuma barafu kusini mpaka hapa, kwenye nyuzi 44 za latitudo.

Jana jioni upepo ulitoka kusini na bahari ilikuwa tupu. Nilijilaza nikiwa na hasira ya mtu aliyezoea kukosa. Usiku upepo umegeuka. Asubuhi meli ya kuvunja barafu, Aurora, ilitoka bandarini kwenye maji meusi, na baada ya kama nusu saa tukaona mstari mweupe, kisha mstari ukawa uwanja.

Sauti yake sikuitegemea. Meli haikati, inapanda juu ya barafu kwa pua yake na kuivunja kwa uzito, na kila bamba linapopasuka linatoa mlio mzito wa chini unaousikia kwa miguu kabla ya masikio. Tai wa Steller wamekaa juu ya mabamba, midomo ya njano minene, hawana habari na sisi. Mmoja akaruka, mabawa yakizidi mita mbili.

Kwenye sitaha kulikuwa na mwalimu mstaafu aliyejua Kiingereza kidogo kuliko mimi, ambalo si jambo dogo. Akaniambia barafu ikishafunika bahari, pwani hii inazidi kuwa baridi na kavu, anga inatakata. Inaeleweka: sufuria imefunikwa, mvuke haupandi. Kutchan bahari yao haigandi, ndiyo maana theluji inaendelea kuwaangukia. Hapa mfuniko unafika, na theluji inapungua. Hao majirani wawili, bahari mbili za kisiwa kimoja, kila mmoja na jibu lake.

Nilipouliza kama barafu huwa hivi kila mwaka, alitikisa kichwa, akaonyesha kwa mkono urefu wa mtoto, kisha urefu wa mtu mzima, kisha akaurudisha mkono kwa mtoto. Alipokuwa kijana, akasema, watu walitembea juu yake.

5 Februari, Sapporo

Siku nzima kwenye treni, jioni kwenye bustani ya Odori. Tamasha la theluji limeanza. Lilianza mwaka 1950, wanafunzi wa shule walipojenga sanamu sita kwenye bustani hii. Leo kuna majengo mazima ya theluji, yenye ngazi na nguzo, marefu kuliko nyumba ya ghorofa tatu. Theluji yake huletwa kwa malori kutoka nje ya katikati ya mji, kwa sababu ya kujengea inatakiwa safi na nyingi, tena iliyoshikana, si ile vumbi ya Kutchan. Mwenye mililita 380 ndiye anayetafutwa hapa.

Shemeji amenishika mkono kwenye umati. "Unaona walivyochagua wiki?" Nikamwambia naona. Lazima lundo liwe limeshajaa na baridi iwe bado haijalegea, la sivyo pua za sanamu zingeanguka siku ya pili.

"Kwa hiyo nije lini tena?"

"Ukitaka ubao au ukitaka fimbo?"

"Vyote."

"Si ndiyo wiki hizi ulizokuja, shemeji."

6 Februari, Sapporo

Ndege ni saa nane mchana. Saa moja kasoro asubuhi nilikuwa nje kabla ya shemeji, kwa mara ya kwanza.

Imeanguka usiku bila upepo, na bado inaanguka, polepole, kila moja peke yake. Nyuzi 8 chini ya sifuri. Nilinyoosha glavu. Ya kwanza ilitua kwenye kidole cha shahada: matawi sita, na kila tawi na vitawi vyake, nzima. Ikatulia pale. Ya pili ikaja karibu yake, nayo nzima. Nilizuia pumzi ili nisiziyeyushe, nikamwita shemeji kwa kunong'ona, kana kwamba zingesikia.

Nikasoma mwenyewe. Ubao 7. Fimbo 79. Nimejumlisha kwenye daftari: tangu nifike ubao umepokea sentimita 64, na fimbo imepanda 21.

Shemeji alinipa ufagio. Nikaufagia ubao mpaka rangi yake ikaonekana, nikauinua, nikaulaza juu ya theluji mpya, nikausawazisha kwa viganja. Nilipogeuka kuchukua begi, ulikuwa umeshaanza kupotea.